Mguu Uliokaa Harusini Mpaka Alasiri

Ikiwa unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mto na vyuma vimechomoza kwenye ngozi kama mishikaki, kwanza pole sana. Pili, karibu, tuko wengi. Mimi nililala hivyo tangu mwisho wa masika, nikatoka na magongo embe za kwanza zikiiva, na leo nimetembea kutoka stendi mpaka nyumbani kwa miguu yangu miwili, mmoja mfupi kidogo kuliko mwenziwe. Nitakueleza yote. Nina tabia ya kutia chumvi, mama anasema nikiona mjusi nasimulia mamba, lakini mambo ya mguu nitayapima kabla ya kuyatoa. Mengine utanisamehe.

Naitwa Hamisi, mzaliwa wa Kinondo. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa kidato cha tatu, nina kichwa kizuri cha hesabu na busara ya kuku. Ilikuwa Mfungo Mosi, ule mwezi unaofuata Ramadhani, ambao huku kwetu kila nyumba ina harusi na asiyealikwa popote ajichunguze kama yu hai. Binti ya mjomba wangu alikuwa anaolewa Msambweni. Magari ya kumsindikiza yalikuwa matatu, pikipiki elfu moja. Haya, zilikuwa kumi na tisa. Kazi ya pikipiki ni kutangulia mbele ya gari la bibi harusi, kupiga honi mpaka kuku wa watu watage bila kupenda, na vijana kuonyesha ubingwa. Mimi nilipakiwa na rafiki yangu Bakari, aliyenizidi miaka mitatu na ambaye alikuwa anaendesha bodaboda pale Ukunda.

Mwanzo nilikaa kama mtu. Tulipokaribia Gazi, kijana wa pikipiki ya pembeni akasimama juu ya kiti, na wasichana kwenye gari la nyuma wakatoa simu madirishani na kumpigia vigelegele. Akanigeukia.

"Hamisi! Weye mbona umekaa hivyo, una mimba?"

Basi. Maneno hayo ndiyo yaliyonivunja mguu. Lami ilikuja kumalizia tu.

"Bakari, shika sawasawa, nasimama."

"Simama, bwana, mie niko," akasema Bakari, akaongeza mafuta ili picha zitoke nzuri.

Nikasimama. Nikanyoosha mikono. Kanzu ikajaa upepo nikawa mnene kama tajiri. Kwa sekunde kumi, walahi, hapakuwa na mtu mzuri kuliko mimi katika kaunti nzima ya Kwale. Kisha tukafika kwenye tuta. Tuta lenyewe lilikuwa mbele ya shule, liliwekwa pale kulinda wanafunzi, na mimi nilikuwa mwanafunzi. Bakari alibaki na pikipiki. Mimi nilibaki hewani, na nilipotua, muundi wa mguu wa kulia ulisema ta, kama ukuni mkavu.

Sasa sikiliza kosa letu, maana hili ningependa ulibebe hata ukisahau mengine yote. Kuvunjika ni kosa langu na Bakari. Lililofuata lilikuwa la ukoo mzima, na lilifanywa kwa mapenzi.

Huku kwetu bibi harusi akishatoka kwao, habari mbaya hukaa pembeni na kungoja. Watu wanaogopa nuksi, wanaogopa pia kumharibia binti siku aliyoingoja miaka. Mjomba alishuka garini, kofia imekaa upande, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, unaweza kuvumilia? Kidogo tu. Aingie ndani kwanza."

"Naweza, mjomba," nikasema. Nilisema mwenyewe. Nilikuwa na aibu kubwa kuliko maumivu, na nilidhani uanaume ni huo.

Nikapakiwa gari la mwisho, nikashushwa kimyakimya chumba cha uani nyumbani kwa bwana harusi. Bi Mwanamisi, mama mmoja wa jikoni anayesifika kwa kukanda, akaitwa. Akanipaka mafuta ya nazi, akatafuta mbao za kunyooshea mguu, akazikosa. Akatoka, akarudi na miko miwili ya kugeuzia pilau, akaupanga mguu katikati na kuuzungushia leso tatu, akivuta kila fundo kwa meno.

"Nimekaza, baba. Hauchezi tena."

Kweli haukucheza. Haukufanya chochote tena. Mimi nikaletewa pilau nikala, tena sahani mbili, maana kuvunjika ni kuvunjika na pilau ni pilau. Nje nikamsikia mpishi akifoka, "Miko iko wapi? Nani kachukua miko? Wali unaungua!" Nikavuta shuka juu ya mguu, nikatazama dari.

Mama yangu, ambaye ni dada yake mjomba, alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, anawagawia wanawake sharbati. Hakujua lolote. Alikuja kuambiwa baada ya alasiri, bibi harusi ameshaingia, ameshatazamwa, ameshatuzwa. Niliisikia sauti yake ukutani.

"Tangu saa ngapi?"

Mjomba akakohoa.

"Nimeuliza, kaka. Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne, dada."

"Saa nne. Na mimi hapa nagawa sharbati."

Baada ya hapo hakusema neno na mjomba kwa wiki nyingi, na mama yangu si mtu wa kunyamaza. Akikosa wa kuzungumza naye husema na sufuria.

Hospitalini daktari wa mifupa, mtu wa bara mwenye maneno machache, alizitazama leso, akatazama miko, akanitazama mimi. Akachukua mkasi, akakata. Akainama kwenye vidole vyangu.

"Unasikia nikikugusa hapa?"

"Wapi, daktari?"

"Hapa."

"Daktari, bado hujanigusa."

Alikuwa amekibana kidole gumba mara tatu. Mguu ulikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu, na rangi yake siipendi hata kuikumbuka. Sikupelekwa kwenye foleni. Nilisukumwa kwenye kigari mbio, taa za dari zikipita juu yangu, mama akikimbia pembeni ameshika viatu vyangu mkononi. Nilipozinduka walikuwa wameupasua mguu pande zote mbili ili uvimbe upate pa kutokea, na mfupa umeshikwa na vyuma vya nje, vinne vimeingia kwenye ngozi na kimoja kimepita juu yake kama reli.

Daktari alisema, "Mguu upo. Kama utabaki, tutajua."

Hapo ndipo maisha yangu yote yalipogeuka kuwa swali hilo moja: utabaki?

Acha nikwambie mambo ya wodini ambayo hakuna anayekuandaa. La kwanza ni haja. Utaletewa chombo na utahitaji mtu, na mtu huyo atakuwa mama yako. Siku ya tatu nilijizuia mpaka nikatoka jasho la kuloanisha godoro. Mama akafunga pazia, akasema, "Nilikuwa nakuosha kabla hujajua jina lako. Inua kiuno." La pili ni harufu. Kidonda kilicho wazi kina harufu yake, na nzi wa wilaya nzima wanapashana habari. La tatu ni kusubiri. Unasubiri daktari apite, unasubiri picha, unasubiri dawa, na ukishazoea kusubiri kitu kimoja kinabadilishwa unapewa kingine. Mimi nilihesabu siku kwa kuoshwa kidonda. Siku moja naoshwa, siku moja napumzika. Siku ya kuoshwa nilikuwa nawaita mababu zangu wote kwa majina, na nilipowamaliza nikawaita wa jirani.

Na paja lilisinyaa. Paja la mchezaji mpira likawa kama mkono wa mtoto. Usishtuke likikutokea. Hurudi, polepole, kama mgeni aliyekosana na watu.

Lakini rehema zilikuwepo. Jamaa wa kitanda cha pili alikuwa na tasbihi na feni ndogo ya betri, na vyote viwili alinigawia. Na kila asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa kuanza, mjomba alikuwa anafika mlangoni na chupa ya uji wa mtama. Mama anaipokea bila kumtazama. Mjomba anasema, "Una pilipili manga kidogo." Mama anageuka. Kesho yake mjomba yuko pale tena na chupa.

Mkuu wa wodi alikuwa Sista Mbeyu, mama wa Kinango, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Alikuwa amechoka kupokea vijana. Karibu nusu ya vitanda vyetu vilikuwa vya watu wasiofika miaka ishirini: aliyeanguka mnazi akijipiga picha, aliyeruka toka mwambani maji yakiwa yamekupwa, na sisi wa pikipiki, ambao tungeweza kuunda chama cha siasa. Kwa hiyo alikubaliana na shule za jirani. Kila Alhamisi mwalimu alileta darasa moja, na mgonjwa aliyependa alizungumza na wanafunzi. Nia yake ilikuwa waone kwa macho kabla hawajaonja.

Wazo zuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja: nilikuwepo mimi.

Walipoingia wanafunzi thelathini na mashati meupe, wakasimama kuzunguka kitanda changu, wasichana wamefunika midomo kwa ushungi, niliona harusi upya. Nikawaambia tulikuwa tunakwenda mwendo wa ndege. Nikawaambia nilisimama kutoka Gazi mpaka karibu na Msambweni, mguu mmoja tu umegusa kiti. Nikawaambia vile vyuma ni antena, usiku nashika stesheni za Uarabuni.

"Na taarabu inashika?" akauliza mvulana mmoja mrefu.

"Ukinikuna goti inaongezeka sauti."

Walicheka mpaka mwalimu akacheka. Waliondoka wakinipungia mikono. Nililala nimefurahi, siku ya kwanza tangu kuvunjika.

Jumanne yule mvulana mrefu aliletwa wodini amefungwa mkono, kiwiko kimevunjika. Anaitwa Kassim. Aliponiona uso ukang'aa.

"Kaka Antena! Nimesimama! Nimekupita mbali, waulize wenzangu!"

Nikataka kucheka, kicheko kikakataa. Sista Mbeyu alikuja baadaye akakaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Hamisi, unajua Alhamisi mimi nafanya nini?"

"Unaleta wageni, Sista."

"Naleta watoto wa watu waone. Wewe umewafanyia maonyesho. Umebakisha kuwauzia soda tu."

"Nilikuwa nawachekesha."

"Wamecheka. Yule pale anacheka kwa mkono mmoja." Akainuka. "Una mdomo mzuri, mwanangu. Sijawahi kuona mdomo uliotumika vibaya hivyo."

Kesho yake daktari akafungua bandeji, akanusa. Kidonda cha upande wa nje kilikuwa kimeharibika. Akachukua kalamu akachora mstari chini ya goti langu.

"Jumatatu nitaangalia tena. Kama hakijageuka, tutakata hapa. Ni mguu au ni wewe."

Mstari ule wa wino wa buluu niliutazama mchana kutwa. Mama alichukua kitambaa akitaka kuufuta, akakumbuka ni wa daktari, akakirudisha.

Alhamisi wanafunzi wengine wakaja. Nilimwomba Sista anioshe kidonda mbele yao, wale tu watakaotaka kubaki. Wengi walibaki. Safari hii sikusema mambo ya ndege. Nilisema nilisimama muda mfupi kuliko wa kusoma Fatiha, na nikaanguka kwenye tuta ambalo kila mtu analijua. Nilisema habari ya miko. Walicheka kidogo, nikawaacha wacheke, kisha nikawaonyesha mstari wa kalamu nikawaambia wa nini. Sista alipoanza kutoa bandeji nililia, "Mama," na sikukaza sauti. Nilisema pia kwamba mtihani wa mwisho wa muhula umenipita nikiwa hapa, na kwamba mama ndiye anayeniosha.

Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe.

"Aliyekuwa anaendesha alisema nini ulipomwambia unasimama?"

"Alisema simama, mie niko."

"Na angesema hapana?"

Nilifikiri sana. "Ningemcheka," nikasema. "Lakini ningekaa. Pikipiki ni yake."

Sista Mbeyu, mkasi mkononi, alisimama akimtazama yule binti kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani akaambiwa ameivaa. Na Bakari, ambaye alikuwa anakuja kila siku na kusimama nje ya dirisha bila kuthubutu kuingia, siku hiyo aliingia. Alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto, nikampa feni.

Jumatatu ilifika. Daktari alikuwa anaanzia vitanda vya mbali, nami nilikuwa cha mwisho. Kwenye benchi la korido, nikiwaona kupitia mlango, mama na mjomba walikaa, kila mmoja mwisho wake, katikati panatosha watu wanne. Daktari alipokuwa vitanda viwili kutoka kwangu, mama alifungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akakisukuma juu ya benchi.

"Kunywa, kaka. Umekonda."

Mjomba alikunywa kwa mikono miwili.

Daktari akafungua bandeji. Akanusa. Akabonyeza nyama pembeni, damu ikatoka nyekundu, mbichi. Akabana kidole gumba.

"Unasikia?"

"Aaa! Nasikia! Umeniumiza!"

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Alichukua pamba yenye spiriti akaufuta mstari mwenyewe. "Bado kazi ipo," akasema. "Lakini huu ni wako."

Nilipiga ukelele uliosikika mpaka kisiwani Chale, watalii wakadhani ni king'ora. Kilio cha mama sitakisimulia, ni chake.

Kazi ilikuwepo kweli. Nilichunwa ngozi ya paja ikabandikwa muundini, na nakuonya mapema, paja litauma kuliko mguu wenyewe. Baridi ya mwezi wa saba ikanikuta na vyuma. Vilipotolewa nikatiwa plasta, nikajifunza kuwashwa ndani yake bila kukuna, ibada ambayo naamini ina thawabu zake. Plasta ikatoka, magongo yakaja, nikatoka hospitalini nikinukia dawa na kwenda nyumbani ambako embe bivu zilikuwa zinaanguka zenyewe. Hatua za kwanza bila gongo nilizipiga uani, mama akiwa mbele yangu anarudi kinyumenyume, mikono ameikunjua, hanigusi.

Ukiulizwa kama unasikia vidole, sema ukweli, usiwe shujaa. Ukivunjika siku ya harusi, vunja na harusi. Binamu yangu aliniambia baadaye, "Ningejua, ningeteremka garini na shela langu nikupeleke mwenyewe." Tulimwonea huruma bila kumuuliza.

Shule ya mchana ilikuwa imenipita, na sikutaka kukaa na watoto. Nikajiunga na masomo ya jioni ya watu wazima hapo Ukunda, darasa moja na wapishi wa hoteli, walinzi, na bibi mmoja aliyekuwa anatushinda wote hesabu. Nikaumaliza mtihani wa kidato cha nne. Ukiniuliza nilishika namba ngapi nitatia chumvi, kwa hiyo usiniulize.

Alhamisi sasa ni kazi yangu. Sista Mbeyu aliubadilisha mpango baada ya lile swali. Wodini wanafunzi bado wanakwenda, lakini kwanza sisi ndio tunaokwenda madarasani, mimi na yeye, na Bakari akipata nafasi. Hatuwatishi sana. Tunawapa nafasi ya kujaribu kukataa, maana kukataa nako ni kazi ya kufanyiwa mazoezi, hasa mbele ya watu.

Wiki iliyopita tulikuwa shule moja huko Msambweni. Tuliweka benchi katikati ya darasa liwe pikipiki. Binti wa kidato cha pili, Mwanasha, akakaa mbele kama dereva, nami nikakaa nyuma kama mimi wa zamani. Nikaambiwa nimshawishi aniache nisimame. Darasa zima lilikuwa upande wangu, wananipigia vigelegele na kugonga madawati.

"Dereva," nikasema nikiinuka, "shika sawasawa, nasimama."

Mwanasha akanyoosha mkono, akazima pikipiki, akachomoa ufunguo ambao haupo, akautia mfukoni.

"Sasa tumesimama sote," akasema.

"Aah, dada, bibi harusi anachelewa!"

"Atangoja."

"Watu wanatupiga picha!"

"Wapige. Nimependeza."

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

Nikamwita mwoga, nikamwita bibi kizee, nikamsifu, nikambembeleza, nikamwapia. Alikunja mikono akatazama mbele, kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya benki. Darasa likaanza kunyamaza, dawati moja baada ya jingine. Nikatafuta neno jingine. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikatafuta, nikatafuta.

Nikakaa.